Mtambo Hununuliwa, Maarifa Hupandwa

Wapo wanaodhani kwamba fizikia ya elektroni ni elimu ya mitihani tu, isiyomhusu mkulima wa Karatu. Dhana hiyo ni potofu. Mwaka 2018 Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ilianza kutibu wagonjwa kwa mitambo ya kuongezea elektroni kasi. Awali ilitegemea mashine za kobalti.

Ndani ya mtambo huo mna mrija uliogawanywa katika vyumba vidogo vya shaba, vinavyojazwa mawimbi ya jamii ya redio, yenye mitetemo kiasi cha bilioni 3 kwa sekunde. Mfano wake ni mkokoteni upandao mlima wa Rhotia, na vijana waliojipanga kando ya njia, kila mmoja akiusukuma pale tu unapompitia. Anayechelewa husukuma hewa. Vivyo hivyo kila chumba huzisukuma elektroni kwa wakati wake, hata zikaukaribia mwendo wa nuru. Mwishowe hugonga bamba la tungsteni na kutoa eksirei. Sehemu kubwa ya nishati hugeuka joto. Kwa hiyo mkondo wa elektroni hauna budi kuwa mkali, na maji ya kupoza yasikatike.

Kobalti hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5 na kitu. Mtambo huu haupungui hivyo, lakini wadai umeme thabiti, maji na fundi hodari. Chumba cha shaba kikipanuka kidogo tu kwa joto, huacha kuafikiana na mawimbi, na kazi huharibika. Matibabu haya hutolewa kwa mafungu, siku baada ya siku kwa majuma kadhaa. Yakikatizwa, saratani hupata nafasi. Mgonjwa aliyetoka Karatu, mwendo wa zaidi ya kilomita 700, hawezi kuambiwa asubiri mtaalamu kutoka ng'ambo.

Basi taifa linunuapo mtambo halina budi kuandaa na watu wake. Fundi huyo haanzii chuo kikuu; huanzia darasani, mwalimu anapopuliza mdomo wa chupa tupu, kisha akaongeza maji ili wanafunzi wasikie sauti ikibadilika. Chupa hiyo na chumba cha shaba hutii kanuni moja: umbo na ukubwa ndivyo viamuavyo mtetemo. Jaribio hilo halihitaji fedha za kigeni. Shule isiyolifanya kwa kisingizio cha kukosa maabara inamnyima mgonjwa wa kesho fundi wake.