Refa na mchezaji ni mtu yule yule

Leo sina stori za njaa, boom limetoka. Nina hasira tu.

Juzi kwenye bunge letu la wanafunzi ililetwa ripoti ya matumizi. Waziri wa fedha akaisoma, akajibu maswali, halafu kwenye kura naye akanyoosha mkono kuipitisha! Nikasimama: hivi huyu anajisimamia mwenyewe? Ukumbi mzima kicheko. Jamaa mmoja wa sheria akaninong'oneza, "Mwanangu tulia, hata nchi inaendeshwa hivyo hivyo."

Kilichoniuma ni kwamba kasema kweli. Fungueni Katiba ya 1977. Ibara ya 4 inagawa kazi: utendaji, utoaji haki, utungaji sheria. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali. Safi kabisa. Halafu someni ibara ya 55: mawaziri wote wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge. Yaani asubuhi unajibu maswali kama waziri, jioni unapiga kura kama mbunge. Na yule ambaye bado hajateuliwa? Anasubiri simu. Utambana vipi mtu unayemwomba kazi?

Msiniambie "mbona Uingereza wanafanya". Kule Waziri Mkuu anaishi kwa kura za wabunge. 1979 serikali ya Callaghan iling'oka kwa tofauti ya kura moja tu. Marekani nako rais ana nguvu, lakini waziri wake haruhusiwi kuwa mbunge, na yeye hawezi kulivunja Congress. Wa kwetu, Bunge likimrudishia muswada alioukataa, ibara ya 97 inamwachia njia ya kulivunja. Tumechukua utamu wa kote kuwili, breki tumeziacha huko huko.

Kenya walimaliza hili 2010: waziri hawezi kuwa mbunge. Kwetu Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza hivyo hivyo kwenye rasimu ya 2013. Mchakato ukakwama 2015, tumebaki na ile ile ya 1977.

Sasa kali ya mwaka: jana usiku simu ikaja kwangu. Eti niwe naibu waziri wa wanafunzi, posho ipo, ubunge wangu nabaki nao. Nikasema nitafikiria.

Nimeshafikiria. Hapana. Ijumaa napeleka hoja: anayetaka uwaziri aachie kiti. Najua nitazomewa. Atakayeniunga mkono anikute kimbwetani saa kumi.

Nawakilisha.