Likizo Haina Kengele: Mtoto Mwenye Kisukari

Shule za Uganda zinapofungwa kwa likizo ndefu ya Desemba na Januari, mwalo wa Ggaba hujaa watoto. Wengine huwasaidia wazazi sokoni kupanga samaki, wengine huogelea ziwani, na wengine hupanda gari kwenda kwa bibi kijijini. Miongoni mwao wamo wenye ugonjwa wa kisukari, nao likizo huwajia na hatari yake. Shuleni kengele huwaamsha, huwalisha na huwapumzisha kwa saa ileile kila siku. Nyumbani kengele hiyo haipo. Sharti mzazi ashike kazi yake.

Kisukari cha mtoto mara nyingi hutokea kwa sababu kongosho limeacha kutengeneza insulini, ambayo huiwezesha sukari ya damu kuingia mwilini na kuwa nguvu. Hakikuletwa na peremende wala na uchawi. Zamani mtoto wa namna hiyo hakuwa na tumaini. Mnamo Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwa sindano ya insulini, naye aliishi miaka 13 zaidi.

Basi, jambo la kwanza ni hili: sindano isikatizwe. Mtoto anapotapika au kukataa chakula, wapo wazazi wanaoiacha dawa wakidhani haina kazi bila chakula. Hapo ndipo maafa huanzia, kwa maana mwili unaougua bado unahitaji insulini, na pengine huhitaji zaidi. Mpime sukari mara kwa mara, mpe maji, na umwulize daktari kipimo cha dawa. Akizidi kutapika, akihema kwa kasi na pumzi ikinuka kama tunda lililoiva mno, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali. Kadhalika, mtoto aliyezoea kulala pakavu akianza kukojoa kitandani, asichapwe. Huenda sukari imepanda.

Jambo la pili ni sukari kushuka. Mtoto aliyedungwa sindano, kisha akashinda akiogelea au kucheza mpira bila kula, huanza kutetemeka, kutoka jasho na kusema maneno yasiyoeleweka. Mpe upesi vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda yenye sukari. Baada ya dakika 15 mpime tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Akipata nafuu, ale chakula kama vile matoke, posho au muhogo. Akizimia, usimnyweshe kitu, maana atapaliwa. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali. Tena asiingie ziwani peke yake, wala kabla ya kula.

Jambo la tatu ni kuitunza dawa. Asiye na jokofu atwae vyungu viwili vya udongo, kimoja kikae ndani ya kingine, ajaze mchanga katikati na kuumwagia maji kila siku, kisha avifunike kwa kitambaa kibichi na kuviweka kivulini penye hewa. Chupa ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mwenye jokofu asiiweke dawa penye barafu, kwani insulini iliyoganda imeharibika. Safarini isiachwe juu ya gari wala karibu na injini. Ikae katika mkoba wa anayemsindikiza mtoto.

Neno la mwisho ni kwa familia za askari. Baba huitwa zamu ya usiku au huhamishwa ghafula, na mtoto hupelekwa kwa jamaa. Asipelekwe kabla ya mwenyeji wake kufundishwa kudunga sindano na kuzitambua dalili hizi. Mwandikieni katika karatasi saa za dawa, kipimo chake, saa za chakula, na jina la hospitali iliyo karibu. Hesabuni chupa na sindano, zizidi siku za safari, kwa maana njia huharibika na vituo vya afya huishiwa dawa. Na mtoto mwenyewe, akiwa na umri wa kutosha, afundishwe kujidunga mbele ya mkubwa. Ugonjwa huu ataishi nao hata atakapokuwa mtu mzima, na likizo ni wakati mzuri wa kuanza kujifunza.