Mbwa wa Mjomba Walivyonifungia Nje

Najua wiki iliyopita niliahidi kumalizia ile stori ya fundi cherehani na suti ya harusi. Suti itasubiri. Kuna kasheshe limenikuta Januari hii kule Old Moshi, na nisipolitoa hapa nitapasuka.

Ni hivi. Mjomba wangu anaishi Dar, lakini kila Desemba anapanda nyumbani kama Wachaga wenzake. Safari hii alikuja na mbwa wawili, Popi na Simba. Hao bwana si kama hawa wetu wa kihambani, wanaolala chini ya migomba na kula makombo. Hawa wanapikiwa. Wana sabuni yao ya kuogea! Simba mwenyewe ni jina tu, akisikia radi anaingia uvunguni.

Sikukuu zikaisha, Mjomba akaitwa kazini ghafla, akadandia basi. Mimi nikaachiwa mbwa na ile Corolla yake kuukuu. Agizo likawa moja: "Mjomba, Jumatatu wapeleke hao mjini wakachanjwe kichaa. Na gari isipate hata mkwaruzo." Kuhusu chanjo sikubishana naye. Kichaa cha mbwa si mchezo, dalili zikishajitokeza kwa binadamu ni nadra mno kupona.

Jumatatu hiyohiyo Bibi alikuwa na kliniki ya presha. Tukakubaliana nikitoka kuchanja nimpitie Kiboriloni, maana jua la kule chini halimfai mtu wa umri wake.

Basi, saa tano asubuhi nikaanza kuteremka. Vioo nimevipandisha vyote, maana Popi ana tabia ya kutaka kuruka nje. Kiyoyozi cha gari hiyo kilikufa zamani. Taa ya mafuta inawaka. Mbele naona mzee anapanda na fimbo yake. Sasa kule kwetu huwezi kumpita mzee ukiwa ndani ya gari ukampungia mkono kama Rais. Utasemwa mpaka kanisani! Nikasimama, nikavuta handbreki, nikashuka na kurudishia mlango. Injini nikaiacha inaunguruma, kwa sababu stata ya ile gari ni kimeo, ukizima mpaka usukumwe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia ukoo. Kosa! Mzee akaegemea fimbo, akaanza na babu wa babu yangu, akaja kwa Mangi Meli aliyenyongwa na Wajerumani pale Tsuduni mwaka 1900, jinsi kichwa chake kinavyosemekana kupelekwa Ujerumani, na jinsi ukoo wake ulivyokitafuta huko. Ni stori nzito, na mimi huwa napenda kuisikia. Ila akapita mbuzi.

Simba alipomwona mbuzi akarukia kiti cha dereva, akasimama dirishani, anabweka kama kichaa chenyewe kimeshamwingia. Nikasikia "klak!" Milango yote minne imejifunga.

Nikuambie kitu msomaji. Kwenye gari nyingi kile kitufe cha kufungia milango kimekaa palepale mkono unapoegemea, jirani na vile vya kupandisha na kushusha vioo. Mbwa akisimama dirishani, kucha zake zinatua hapo. Ufunguo uko ndani, unaning'inia. Wa akiba uko Dar, kwenye kabati la Mjomba.

Mwanzo nilicheka. Mzee naye akacheka. Watu wakajaa, wote mafundi. Mmoja akaleta waya, ukagoma kupita. Mama mwenye mkungu wa ndizi akasema tuombe. Kijana wa bodaboda akasema vunja kioo, unangoja nini? Huko ndani Simba anakanyaga honi, mara wapa zinafuta vumbi.

Kisha Popi akanyamaza. Akalala kiti cha nyuma, ulimi nje, anahema mbiombio.

Baadaye nimesoma kwamba watafiti Marekani mwaka 2005 walipima joto ndani ya gari lililofungwa juani. Lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 hivi ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ilipanda katika nusu saa ya kwanza, hata siku ambazo nje hakukuwa na joto kali. Mbwa naye hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema, basi. Siku ile sikujua hayo. Niliona tu macho ya Popi, nikaacha kucheka. Nikaokota jiwe.

Nilisimama nalo. Nikapiga hesabu ya bei ya kioo, nikapiga hesabu ya uso wa Mjomba. Naona aibu kusema, lakini nilihesabu muda mrefu kuliko ilivyofaa.

"Hao mbwa wanakula nini?" mzee akauliza.

"Nyama, babu."

Akamtuma dogo mmoja buchani, akarudi mbio na utumbo. Akaupitisha kwenye kioo cha dereva, juu, chini, juu. Simba akachanganyikiwa! Akawa analamba kioo huku anakanyaga kila kitu. Klak, ikafunguka. Kabla sijashika kitasa, klak, ikafunga. Nikataka kulia. Halafu kioo kikashuka vidole vinne, kikasimama, kikashuka tena. Nikatupa jiwe, nikaingiza mkono mpaka begani, nikavuta loki.

Popi nilimtoa mikononi. Mama wa ndizi akaleta ndoo, tukammwagia maji, akanywa, akatapika, akanywa tena. Aliposimama na kujikung'uta watu walipiga makofi. Simba alikuwa ameshamaliza utumbo. Hapohapo gari ikazima, mafuta kwisha! Bodaboda akaniletea ya chupa, kwa bei anayoijua yeye, wakanisukuma.

Kiboriloni nilifika nimechelewa karibu saa mbili. Bibi amekaa juu ya gunia la mtu, dawa zake kwenye mfuko, hajala kitu. Akaingia, akanusa.

"Humu mna harufu ya utumbo."

Nikamsimulia yote, hata lile jiwe. Akakaa kimya mpaka tulipoanza kupanda mlima, akauliza jambo moja tu: kama yule mzee nilimuaga vizuri. Sikumuaga. Tukapita kwake jioni na sukari kilo mbili.

Mbwa walichanjwa Jumatano, nikiwa na ufunguo mfukoni muda wote. Na wewe Mjomba, kama gazeti hili limekufikia huko Dar, ile mikwaruzo ya mlangoni ni ya ndani. Nje gari ni safi kabisa.