Vikundi Vipya Tunavyovipa Kisogo



Twajisifu kuwa wapenzi wa muziki. Wimbo mpya ukitoka Dar es Salaam au Lagos leo, kesho tunao katika simu. Lakini ni wangapi kati yetu wanaovijua vikundi vya vijana wa Msimbati au Msanga Mkuu, wanaojitungia nyimbo bila studio wala mfadhili? Wakipita na ngoma zao twanung'unika: "Mambo ya kipagani hayo."

Kauli hiyo tunaikataa. Padre Stephen Mbunga, mwana wa kusini kama sisi, alitunga Misa Baba Yetu kwa lahani za Kiafrika mwaka 1959. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano (Sacrosanctum Concilium, 119) ukaagiza muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Je, sisi ni Wakatoliki kuliko Mtaguso? Na ajabu, kinanda chenye mdundo wa disko hakituudhi, hutuudhi sindimba!

Hatusemi kila wimbo uingie kanisani. Yapo matusi, nayo tutayakemea, ila mtu hukemea alichokwisha kukisikiliza. Kijana aliyefukuzwa kwaya kwa sababu ya ngoma yake hatatungoja mlangoni. Atapiga kwingine, nasi tutabaki kuulizana vijana wamekwenda wapi.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, tuleteeni majina ya vikundi vya maeneo yenu kabla ya Jumapili ya Matawi. Tutakwenda kuwasikiliza huko huko waliko, chini ya mikorosho.