Mahali na Mamlaka: Msingi wa Kufundisha Amri za Kompyuta

Somo la kompyuta limekwisha kupata nafasi katika vyuo vyetu vya ualimu, na mbinu za kulifundisha zastahili kujadiliwa kama zijadiliwavyo mbinu za Hisabati na Lugha. Makala haya yahusu hatua moja tu: kumwanzisha mwanachuo katika kazi ya kuiandikia kompyuta amri badala ya kubonyeza picha. Rai yangu ni kwamba amri zisitangulie. Yatangulie mambo mawili: mahali na mamlaka.

Mwanachuo aliyezoea kubonyeza picha huridhika kusema kwamba faili lake "limo kwenye kompyuta". Mbele ya mstari wa amri jibu hilo halitoshi. Hana budi kujua yeye yuko wapi, na faili liko wapi. Kwa wanachuo wa kusini mfano haupo mbali. Kata ya Narung'ombe imo katika Wilaya ya Ruangwa, na wilaya hiyo imo katika Mkoa wa Lindi. Tukiiandika anwani hiyo kwa mikwaju, kama kompyuta ifanyavyo, twapata /Tanzania/Lindi/Ruangwa/Narung'ombe. Anwani kamili ya namna hii huanzia kwenye mzizi, nayo yafaa popote mtu alipo. Aliyeko Ruangwa aweza kutaja Narung'ombe peke yake akaeleweka. Lakini aitafutaye katika orodha ya kata za Wilaya ya Nachingwea hataikuta. Kata haikupotea, mtafutaji ndiye aliyesimama pasipo pake. Kwa hiyo mwanachuo azoeshwe kuandika pwd, ili ajue alipo, na ls, ili aone vilivyopo, kabla ya kutoa amri nyingine yoyote. Zana ya kulifundishia jambo hili ni ubao na chaki.

Jambo la pili ni mamlaka. Karani wa masijala aweza kujua kabati lenye jalada la siri, wala kujua huko hakumpi ruhusa ya kulifungua. Mfumo wa Unix, ulioanza kutungwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, na Linux iliyoufuata mwaka 1991, huifuata kanuni hiyo. Kila faili lina mwenyewe, lina kundi lake, na kuna watu wengine. Kila upande huwekewa ruhusa ya kusoma, ya kuandika na ya kuendesha. Sababu yake ni kwamba mashine moja ilitumiwa na watu wengi, kama ilivyo katika shule nyingi zetu leo.

Hapa ndipo mafundisho ya haraka yanapoleta madhara. Mwanachuo akikataliwa ruhusa, huambiwa atangulize neno sudo, yaani atende kwa mamlaka ya msimamizi, na mambo hunyooka. Lakini faili lililoundwa kwa mamlaka hayo huwa mali ya msimamizi, hata likiwa ndani ya folda ya mwalimu. Kesho yake mwalimu akitaka kulisahihisha hukataliwa, naye hurudia sudo. Hatimaye huja siku anapotoa amri ya kufuta akiwa amesimama mahali asipopakusudia. Mtumiaji wa kawaida angezuiwa; msimamizi hazuiwi, na alama za darasa zima hutoweka.

Wako wakufunzi wasemao kwamba vipindi ni vichache, heri wanachuo wanakili amri ili waone matokeo. Hoja hiyo ina uzito, lakini tukumbuke mwalimu huyu aendako. Shule yake yaweza kuwa na kompyuta moja, na fundi akawa mbali. Amri aliyoinakili haitamsaidia siku itakapokataliwa, ufahamu utamsaidia.

Basi kila anapokataliwa ajiulize: Niko wapi? Faili hili ni la nani? Je, kazi hii yahitaji kweli msimamizi? Kuweka programu ya kutumiwa na wote huhitaji; kusahihisha faili lake mwenyewe hakuhitaji.

Na mitihani yetu ifuate njia hiyo. Isimtake mwanachuo ataje amri kumi kwa moyo. Impe amri moja iliyokataliwa, aeleze kwa nini.