Kero Husikilizwa, Hoja Hujibiwa

Lipo neno lililojikita katika lugha ya utawala wetu kiasi kwamba hatulioni tena: kero. Viongozi hufanya ziara za kusikiliza kero. Matangazo ya mikutano ya mitaa hutuarifu kwamba mheshimiwa diwani atafika kusikiliza kero za wananchi. Neno lenyewe halina kosa, ila nimeanza kuitazama kazi linayoifanya. Mwenye kero ni mtu anayesumbuliwa na jambo. Anachotarajia ni sikio na pole. Mwenye hoja anadai jibu.

Tazama jinsi serikali inavyosema inapozungumza na nafsi yake. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapoikagua halmashauri, anachokiibua huitwa hoja. Halmashauri hutakiwa kuijibu kwa maandishi, madiwani huketi katika kikao maalumu kuipitia, na isipofungwa hurudi tena katika taarifa ya mwaka unaofuata. Hakuna mkurugenzi anayemwambia mkaguzi "tumelipokea, tutalifanyia kazi" kisha akafunga kikao kwa sala. Mwananchi huambiwa hivyo karibu kila mkutano, naye hupiga makofi.

Nimehudhuria mikutano kadhaa ya namna hiyo katika mtaa ninaoishi, pembezoni mwa Dar es Salaam. Katika mmojawapo, mama mmoja alisimama akaeleza kwamba mtaro wa barabara umeishia nyuma ya nyumba yake, na kwamba kila masika maji huingia ndani ya nyumba nne, pamoja na kinyesi cha vyoo vya jirani. Alisema analiuliza jambo hilo kwa mara ya tatu. Diwani hakumpuuza. Alimpa pole ambayo niliiamini, akasema barabara ile haiko mikononi mwa halmashauri, akaahidi kufuatilia. Mwenyekiti akauliza, "Mwingine?"

Diwani alisema kweli, na hapo ndipo penye uzito wa jambo. Tangu 2017, ujenzi na matengenezo ya barabara za mijini na vijijini, zile zilizokuwa zikisimamiwa na halmashauri, yamekuwa kazi ya TARURA, wakala wa serikali kuu ulio chini ya TAMISEMI. Maji ya Dar es Salaam ni ya DAWASA, umeme ni wa TANESCO. Kodi ya majengo, iliyokuwa miongoni mwa mapato ya uhakika ya halmashauri za miji, ilihamishiwa TRA mwaka 2016, na kuanzia 2021 mkazi akaanza kuilipa anaponunua umeme. Sisemi kwamba kila uhamisho huo ulikuwa wa makosa. Barabara zinahitaji wahandisi, na baadhi ya halmashauri hazikuwa nao wa kutosha. Nasema tu kwamba tuliihamisha kazi, tukaihamisha fedha, tukamwacha diwani palepale chini ya mwembe apokee maswali.

Historia yetu inalijua jambo hili. Mwaka 1972, kwa jina la Madaraka Mikoani, halmashauri zilizochaguliwa zilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa watumishi wa serikali kuu. Zilirejeshwa kwa awamu, za miji zikitangulia mwaka 1978, kisha zikaja sheria za mwaka 1982 ambazo hadi leo ndizo msingi wa serikali za mitaa. Ibara ya 146 ya Katiba inayataja madhumuni ya serikali hizo kuwa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Safari hii halmashauri hazikuvunjwa; zimepunguzwa kipande kwa kipande, na kila kipande kilikuwa na sababu yake nzuri.

Hata hivyo, diwani asijifiche nyuma ya wakala kwa kila swali. Katika mkutano uleule, kijana mmoja aliuliza ni vikundi vingapi vya mtaa wetu vimepata mkopo wa asilimia kumi tangu mikopo hiyo, iliyosimamishwa mwaka 2023, iliporejeshwa mwaka 2024. Hili ni la halmashauri kabisa: sheria inaitaka itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Jibu lake ni tarakimu moja. Diwani alimtazama, akauliza, "Mwanangu, wewe ni wa nyumba ya nani hapa mtaani?" Watu wakacheka. Kijana akamtaja baba yake, akaambiwa afike ofisi ya kata siku ya kazi. Sijamwona tena mikutanoni.

Swali lile la nasaba lilikuwa la upole, na pengine halikuwa na nia mbaya. Lakini liligeuza hoja ya mwananchi kuwa utovu wa adabu wa mtoto. Lugha yetu ya heshima ni hazina. Shikamoo haijawahi kumzuia mtu kuhoji hesabu. Kinachozuia ni mazoea ya kuiona hesabu kama siri ya wakubwa. Mazoea hayo yamepata nguvu zaidi sasa, kwa kuwa chaguzi za serikali za mitaa za 2019 na 2024 ziliipa CCM karibu nafasi zote nchini. Pale ambapo mwenyekiti, wajumbe na diwani ni wa chama kimoja, anayeuliza huonekana upesi kuwa ametumwa, hata kama mfukoni ana kadi ileile.

Wanaofanya kazi vijijini wataniambia kwamba hali huko si sawasawa na hii, nami nitakubali. Mkutano mkuu wa kijiji una meno ambayo mkutano wa mtaa hauna. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Idhini hiyo huchezewa mara nyingi, najua, lakini ipo, na mwanakijiji aliyedhulumiwa anaweza kuuliza mahakamani muhtasari uko wapi na nani walitia saini. Mjini, mkazi wa mtaa hatakiwi kuidhinisha jambo lolote lenye uzito wa namna hiyo. Anaalikwa kusikilizwa.

Kwa hiyo ninachokipendekeza hakihitaji sheria mpya wala fungu la fedha. Mtendaji wa mtaa ndiye anayeandika muhtasari. Aandike kila hoja kwa namba, aandike ni ofisi gani inayopaswa kuijibu, na tarehe ya kuijibu. Mwenyekiti wa mtaa aipeleke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo yeye ni mjumbe na diwani ndiye mwenyekiti wake, na kamati imwandikie meneja wa barabara au wa maji barua yenye namba ya kumbukumbu. Mkutano unaofuata uanze na hoja zilizobaki wazi kabla ya mtu yeyote kutoa salamu za chama au za ofisi. Mtumishi mmoja wa halmashauri niliyemweleza haya aliniambia kwamba tutawapa wananchi matarajio makubwa mno. Jibu la "haiwezekani mwaka huu kwa sababu bajeti imepitishwa" halimpi mtu matarajio yoyote, lakini mama wa mtaroni angelipata, angejua kama ajenge ukuta kwa fedha zake au angoje.

Kwa wanafunzi wangu mtakaokwenda mafunzo kwa vitendo katika halmashauri mwaka huu: chagueni mtaa mmoja, ombeni mihtasari ya mikutano mitatu iliyofuatana, kisha fuateni hoja moja tu kutoka mdomoni mwa mkazi hadi mahali ilipopotea. Andikeni ni mezani kwa nani. Kazi hiyo nitaisahihisha kwa hamu kuliko insha nyingine ya kurasa ishirini juu ya nadharia za ugatuaji wa madaraka.