Maji Meusi ya Mgololo

Kinu cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kazi mwaka 1985 na kuuzwa kwa watu binafsi mwaka 2004, hula misonobari ya Sao Hill. Magogo hukatwakatwa, yakapikwa kwa dawa kali, yakabaki maji meusi mfano wa lami. Maji hayo ni mali! Yakikaushwa huchomwa tanuruni, yakatoa mvuke wa kuendesha mitambo, na dawa ikapatikana tena. Yakiachiwa mtoni humaliza hewa iliyomo majini, samaki wakafa.

Elimu ya mambo haya twayo. Profesa Tolly Mbwette, mhandisi wa maji aliyeongoza Chuo Kikuu Huria tangu 2005 hadi 2015, aliandika pamoja na wenzake juu ya kusafisha maji machafu kwa mabwawa na vinamasi vya matete. Lakini kazi za namna hiyo huandikwa kwa Kiingereza, nazo Mgololo hazifiki.

Sisi twadai vipimo vya maji yatokayo kinuni vibandikwe langoni kila juma, kwa Kiswahili, mfanya kazi avisome kabla watu wa nyumbani kwake hawajateka maji.